Kicheko cha Kwenye Santuri

Gitaa lilinyamaza, na Mama Pasi akainyanyua pasi kutoka kwenye suruali ili asikie vizuri.

Chumbani hakukusikika kitu. Si wimbo, si kikohozi cha mumewe, wala domo la yule mgeni, ambalo kwa kawaida halina likizo. Kimya tu. Na mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka arobaini na kitu anajua kwamba kimya kina aina zake. Kipo cha usingizi, kipo cha maumivu, na kipo cha watu wazima wawili wasiotaka kusikiwa. Hiki, alivyokipima, kilikuwa hicho cha mwisho.

"Mnaendeleaje huko?" aliita.

"Salama tu, wifi!" mgeni alijibu haraka. Haraka mno.

Wifi! Mama Pasi aliirudisha pasi kwa nguvu mpaka meza ikayumba. Undugu huo kaupata wapi? Nani kamgawia?

Mgeni huyo aliitwa Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mwitikiaji wa bendi enzi zile za nywele za afro, suruali za bugaluu zilizopanuka miguuni na viatu vya raizoni, vijana walipokuwa wakitembea wameinuliwa na soli kama watu waliopanda stuli. Mume wa Mama Pasi alipiga gitaa la besi katika bendi hiyohiyo, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Besi. Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafulia na kuwanyooshea nguo. Bugaluu halikuwa vazi la mchezo. Ukilikosea mkunjo, pindo lote linalala upande na mpigaji anaonekana amevaa gunia. Ndivyo yeye na Besi walivyojuana, huyu na pasi yake ya mkaa, yule na gitaa lake, wakigombania suruali dirishani.

Mwanzoni bendi ilipiga nyimbo za ng'ambo, neno kwa neno, bila hata mmoja wao kujua anachokiimba. Kisha wakatunga wa kwao, "Njoo Mapema", na nchi nzima ikapagawa. Redio ilikuwa haipitishi nusu siku bila kuupiga. Na kilichoupaisha, kila mtu alikiri, hakikuwa gitaa wala sauti ya mwimbaji. Kilikuwa kicheko. Kabla ya ubeti wa pili, vyombo vyote vikinyamaza na besi ikabaki peke yake, anasikika mwanamke akicheka. Kicheko chembamba, kinapanda, kinapanda tena, halafu kinakatika ghafla, kama cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja akiwa ameshachelewa. Wanaume walikiota kicheko kile. Wasichana walijifunza kukiigiza.

Sasa ni cha nani? Kwenye jalada la santuri hakutajwa mtu. Mama Pasi, bibi harusi mpya wakati huo, alimwuliza mumewe mezani.

"Ni wewe," Besi alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Siku ile ulipoleta suruali studio."

"Siku ile mlikuwa kwenye mazoezi, mliniambia wenyewe. Mlirekodi kesho yake, na kesho yake mimi nilikuwa nyumbani nafua."

"Ya kesho yake ilitupwa. Mazoezi nayo yalirekodiwa, na fundi mitambo akayapenda zaidi."

"Nani anauza mazoezi, wewe? Usinifanye mtoto mdogo. Kwanza mimi sicheki hivyo. Mimi nacheka kwa kifua, mama yangu alikuwa akisema nacheka kama mtu anayeangusha magunia ya viazi."

Besi akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikomponza. Mkewe alipiga hesabu. Kesho yake ile mwanamke mmoja tu aliingia studio, naye ni Chiriku. Basi, likaisha. Kuanzia siku hiyo "Njoo Mapema" ulipigwa marufuku ndani ya nyumba. Redio ikithubutu kuuanza, Mama Pasi anaacha hata chungu kinaungua, anakimbilia kuzima.

Lakini hakuwahi kila mara. Na zile mara alizochelewa aliliona jambo lililomkaba roho. Kicheko kikifika, Besi anageuza uso na kuutazama mlango. Si kwa bahati mbaya. Kila mara. Awe anakula, awe anafunga viatu, anageuka na kuutazama mlango, uso umemlainika, kama anayengoja mtu aingie. Hata kwenye harusi ya binti yao, mbele za wakwe, muziki ukiwa juu, aligeuka. Mama Pasi alimwona, akaendelea kugawa soda.

Mwaka jana kiharusi kikampiga Besi, kikaiacha mikono yake salama lakini kikamwachia neno moja tu. "Ndiyo." Unataka uji? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Nifungue dirisha, nifunge? Ndiyo, ndiyo. Siku moja Mama Pasi alijikaza, akaketi mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Nitakuuliza mara moja tu, baba. Kile kicheko ni cha Chiriku?"

"Ndiyo."

"Au ni changu?"

"Ndiyo," Besi alisema, machozi yakimlengalenga.

Alikwenda kulia juu ya beseni la nguo. Siku zote aliamini uzee utamlegeza mumewe, iko siku atatua mzigo. Kumbe mdomo umejifunga na ukweli umebaki humohumo ndani. Wala hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kujua tu, kabla mmoja wao hajaondoka duniani, kama maisha yale yote ameyaishi nyumbani kwake au nyumbani kwa mwenzake.

Ndipo Chiriku akaanza kuja kila Alhamisi, marashi yakimtangulia. Eti nesi kamwambia kwamba waliopooza ulimi huweza kuimba. Mama Pasi alitaka kumfungia mlango, lakini kweli tupu, Besi aliimba! Mdomo usioweza kuomba maji ulitiririsha beti nzima za zamani bila kukwama. Ungemfukuzaje mtu aliyekuletea hilo? Akakubali kwa sharti moja. Wimbo wowote, isipokuwa ule. Kisha akaihamisha meza yake ya kupigia pasi, akaiweka sebuleni, hatua chache kutoka mlango wa chumbani. Mwangaza wa hapo ni mzuri, alimwambia aliyeuliza.

Leo mambo yalianza vibaya. Besi alijimwagia uji, Mama Pasi akamvua suruali, akamwekea shuka magotini, akaanza kumnyooshea nyingine. Kabla hajamaliza mguu mmoja, huyo Chiriku, amefika, na mfuko mkubwa kwapani.

"Subiri nimvishe kwanza," Mama Pasi alisema.

"Aa, wifi! Shuka linatosha. Mimi na Besi tumebadilishia nguo nyuma ya pazia moja miaka mingapi?"

Akaingia na mfuko wake, akaurudisha mlango nyuma yake. Jamani! Yaani mtu anakutia kidole machoni, tena kwako, mchana kweupe.

Na sasa kimya hiki. Mama Pasi alisogea, pasi mkononi, waya umenyooka mpaka mwisho. Alisikia kitu kikikwaruza sakafu. Alisikia Besi akihema kwa nguvu. Kisha sauti ya Chiriku, ya chinichini.

"Ingiza taratibu. Hivyo. Shh, asije akasikia."

Na kana kwamba hayo hayajatosha, gitaa likaanza tena, polepole. Noti nne zinashuka, moja inapanda. Angeitambua besi ile hata usingizini. Besi aliimba kwa sauti yake ya kukwaruza, ubeti wa kwanza wa "Njoo Mapema", ndani ya nyumba yake, mbele ya yule mwanamke.

Alirudi mezani, akaiweka pasi wima. Akaichukua suruali mkononi, maana hakujua achukue nini kingine. Ulimi wake ulikuwa umeshanolewa miaka arobaini na kitu, na maneno yalipanga foleni mdomoni. Akausukuma mlango, bawaba zikalia.

Besi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, kidevu juu, macho ameyafumba kama yuko mbele ya maelfu. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Gitaa liko mapajani. Shuka liko sakafuni. Chini ya gitaa ilijitokeza bukta ya mistari, na chini ya bukta vijiti viwili vya miguu, na mwisho wa vijiti hivyo, zimefungwa kamba vizuri, raizoni nyekundu zenye soli nene.

Maneno yote yalimtoroka. Kilichotoka kilikuwa kicheko. Alikiziba kwa kiganja, akawa amechelewa.

"Yesu na Maria, suruali yako hii hapa!" alisema.

Chiriku alikuwa amesimama pembeni ameinua simu, uso umemwiva kwa aibu. "Nisamehe, wifi. Nilizikuta kwenye sanduku la mavazi ya bendi, nikasema nimvishe kwa siri, nimrekodie mpiga ngoma wetu. Naye anaumwa huko aliko. Aliniomba wimbo ule, hakutaka mwingine."

"Futa."

"Nitafuta. Ngoja basi tusikie kama alishika noti."

Akabonyeza. Simu ikatoa noti nne za kushuka, moja ya kupanda. Ikatoa sauti ya Besi. Wimbo ukanyamaza, besi ikabaki peke yake, bawaba zikalia. Kisha kile kicheko. Chembamba, kikapanda, kikapanda tena, kikakatika.

Mama Pasi aliikumbatia suruali. "Umeniwekea santuri," alisema. "Umekuja nyumbani kwangu kunikejeli. Makusudi kabisa."

"Santuri gani, wifi? Ni simu. Ni sasa hivi."

"Huyo aliyecheka ni nani?"

Chiriku alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe?"

"Mimi sicheki hivyo!"

"Kwani umewahi kujisikia?"

Mama Pasi aliinyooshea simu kidole. "Rudisha," alisema. Chiriku akarudisha. Bawaba, kicheko, halafu sauti ya mwanamke ikisema suruali yako hii hapa. "Rudisha tena."

"Maneno yaleyale," Chiriku alisema taratibu. "Hata siku ile ya mazoezi ulisema hivyohivyo. Fundi mitambo alihangaika mpaka akayakata, akakiacha kicheko. Hukumbuki? Saa yetu ya studio ilikuwa inakwisha, suruali ya mwenzetu bado iko kwako, akapiga hivyohivyo alivyo, na shati la malinda na raizoni."

Alikumbuka. Mungu wake, alikumbuka! Mlango mzito wa studio, suruali yenye joto la pasi mkononi, na kijana mmoja mwembamba, miguu mitupu, akipiga besi kwa heshima zote za dunia. Alicheka. Wakamfukuza. Na usiku ule aliamua kwamba kijana yule ndiye atakayemwoa.

Aliketi kitandani karibu na mumewe. Aibu ilimjaa, na furaha nayo ilijaa palepale, hata asijue ashike ipi. Redio zote zile alizozizima. Kila mara amesimama penye redio, mgongo amempa.

"Ulikuwa unautazama mlango," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaningoja mimi. Mjinga mimi. Nami niko humuhumu ndani nakununia."

"Ndiyo," Besi alisema, akampigapiga goti kwa kiganja.

Mama Pasi alijifuta macho kwa pindo la suruali, akaharibu mkunjo aliouhangaikia muda wote ule. "Chiriku," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina bila kuuma meno. "Humo simuni unao wenyewe? Ule wa santuri?"

"Ninao, wifi."

"Uweke. Kuanzia mwanzo."

Akainuka na suruali yake mkononi, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Sebuleni pasi ilikuwa bado ya moto. Alisimama karibu na mlango, kiganja juu ya kitasa, akasikiliza ubeti wa kwanza ukienda, gitaa, ngoma, waitikiaji, kijana mmoja akimwomba mtu asichelewe. Kisha vyombo vikaanza kunyamaza kimoja kimoja, mpaka ikabaki besi peke yake, naye akakizungusha kitasa.