Ufagio wa Shemeji

Kazi yetu ni kutafuta dalili za wanyama: nyayo, manyoya yaliyonasa kwenye miiba, na zaidi ya yote, kinyesi. Mnyama mwenyewe huonekana kwa nadra katika msitu ule wa mvua. Mimi hutangulia nikitazama chini. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, hunifuata na panga.

Msimu ule tulimtafuta funo, paa mwekundu mwenye haya. Mkubwa wa kambi yetu ya utafiti alitueleza kwa upole kwamba bonde letu lisipotoa dalili yake kabla mwezi haujaandama, kambi itahamia ng'ambo ya milima. Shemeji angehama na begi lake tu. Mimi nina mama pembezoni mwa msitu, macho yamefifia, na chai yake ya asubuhi nampikia mimi.

Kila asubuhi tulikagua njia, mchana tukapanda miteremko. Jioni mimi nilikatisha kwa mama, shemeji akarudi peke yake huku akifagia njia kwa tawi la majani, ili nyayo za usiku zichapike vizuri kwenye udongo laini. Nilimtania kwamba kwa usafi ule angefaa kuolewa. Akasema nyumba ya kaka yake nayo ingefaidika na ufagio. Lakini usiku mvua ilinyesha, na kila asubuhi njia ilikuwa tupu.

Siku moja ruba alining'ang'ania kwenye kifundo cha mguu. Nikakaa kwenye gogo kumtoa. Nyuma ya gogo kulikuwa na lundo la majani yaliyofagiwa, na mdudu mweusi akibiringisha kidonge kutoka humo. Nikayafukua majani. Vidonge vingi vya kinyesi, vyeusi, vidogo kama kunde.

"Shemeji, njoo uone takataka zako."

Alichuchumaa, akakigeuza kimoja kwa kijiti. Akasema jioni kunakuwa na kiza chini ya miti, alidhani ni kokwa. Kumbe funo alipita mchana, sisi tukiwa mlimani. Kisha akainua macho.

"Tukivirudisha njiani, nani atajua?"

"Mimi na wewe."

Nilimkumbusha kwamba kinyesi kilichohamishwa hakisemi mnyama alisimama wapi. Tena funo ana mazoea. Alipojisaidia jana ndipo atakaporudi. Shemeji alilitupa tawi lake la kufagilia kichakani, na siku hiyo hatukupanda mlima. Tulikaa mbali na njia, upande upepo unakoelekea, tukisikiliza matone yakidondoka. Mikono ya shemeji haikujua pa kukaa. Mara aifute, mara aikunje.

Jua lilipoanza kulala tukarudi polepole. Kabla ya kona, juu ya jani pana katikati ya njia, palikuwa na lundo dogo, bado linang'aa.

Shemeji alinitazama, kisha akalitazama tena.

"Hapa pachafu, shemeji," akasema taratibu.

"Paache," nikamwambia, nikapiga magoti kufungua begi la sampuli.