Sarafu Kwenye Chuma cha Ngazi

Tangu lile bomu la Agosti lililipue mjini Nairobi, Nabalayo hakuwa amepanda ngazi hata moja. Kazi ya kusafisha ofisi za ghorofani kule mjini aliiaga bila kurudi kuchukua hata viatu vyake. Majirani wa mtaa wa Mowlem walikwisha kuizoea hofu yake. Lakini mchana huo mwanawe Opicho alianguka shuleni akapasuka juu ya jicho, na jirani yake Jacky akamkimbiza zahanati moja pale mtaa wa Tena, ambayo mwenye nayo, sijui kwa akili gani, aliiweka ghorofa ya tatu.

Daktari alitaka kushona. Opicho hakutaka kuguswa mpaka mama aje, na kilio chake kilishuka hadi barabarani, alikosimama mama huyo, mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza. Alijaribu, akashindwa. Akavuka barabara, akaingia kibanda cha simu, akampigia Wangeci.

Wangeci ndiye mshauri aliyekuwa akimtibu mjini kwa kimashine: vidude viwili vya kushika mikononi, vikitetemeka kwa zamu, kulia, kushoto, huku Nabalayo akiikumbuka siku ile kidogo kidogo. Kishindo cha kwanza kiliposikika, wenzake walikimbilia dirishani kuchungulia. Yeye alikuwa ameinama akikamua tambara. Kishindo cha pili kikavunja vioo vyote, na wale wa dirishani hawakurudi nyumbani. Kwa vidude vile aliweza angalau kulisema hilo bila pumzi kumkatika.

"Dada, niletee mashine," alisema sasa.

"Mama Opicho, mashine iko hapa mezani, na mimi niko mbali. Nisikize. Leo hatufukui ya Agosti. Leo tunapanda ngazi, basi. Kunja mikono kifuani, kila kiganja begani. Nitagonga meza kwa kalamu. Nikigonga, piga bega. Moja, halafu lile lingine."

Alipokunja mikono, mkonga wa simu ukamponyoka ukaning'inia.

"Mama, sisi pia tuna watu wa kupigia," akafoka Ndirangu, mzee muuza makaa aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mweusi hadi kope. "Unajipapasa mabega hapo na simu inaning'inia bure?"

"Mtoto wangu yuko huko juu anatoka damu. Na mimi naogopa ngazi."

Ndirangu akainua macho hadi dirisha la zahanati ng'ambo ya barabara. Kilio kikamfikia, na hasira ikamwisha. Akaudaka mkonga, akaushikilia kwenye sikio la Nabalayo, akasogeza na lake. Tok. Tok. Nabalayo akapiga bega, akapiga jingine, pumzi ikaanza kushuka.

Simu ikakatika. Hakuwa na sarafu nyingine, na woga ukamrudia wote kwa mpigo mmoja.

"Ilikuwa inagonga hivi, sindio?" Ndirangu akauliza. Akavuka naye barabara na ile sarafu aliyokuwa ameitunzia simu yake mwenyewe, akaanza kuigonga kwenye chuma cha ngazi. "Panda. Sitaacha mpaka ufike." Aliyemfuata kwenye foleni akaingia kibandani bila aibu.

Nabalayo akapanda amejikumbatia, akipiga mabega. Akapita ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili chupa ilianguka mahali ikavunjika, akajibanza ukutani, akamwona waziwazi kila aliyekimbilia dirishani siku ile. Sarafu haikusimama. Akaifuata hadi mlango wa zahanati.

"Nilimwambia Jacky utakuja," Opicho alisema kwa kwikwi. "Akasema hutaweza."

Jacky akatazama sakafu. Nabalayo akampakata mwanawe, wakashonwa wote wawili, maana kila sindano ilimchoma na yeye.

"Mama, una makaa shavuni," mtoto akasema walipomaliza. "Na nani anagonga huko chini?"

Akasikiliza. Maskini yule mzee bado alikuwa anagonga. Na njia ya haraka ya kumwambia ilikuwa moja tu, dirisha, limefunguliwa, na vioo vyake vikubwa.

Jacky akainuka. "Kaa, mimi nitamwambia."

"La. Ananigongea mimi."

Akakunja mikono kifuani, akatembea hadi dirishani, akatoa kichwa nje.

"Mzee," akaita, "inatosha. Nimefika."