Ukili wa Jaribu

Mwaka wa hamsini na tisa, hapo mtaani Jadida, Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Jaribu, wa miaka minane. Watatu waliomtangulia aliwazika. Wa mwisho wao, binti yake Time, alikonda mpaka bangili ya mkononi ikawa inapanda begani. Ndiyo maana Jaribu alipewa mkate wa samli asubuhi, halua adhuhuri, na uji wa sukari kabla ya kulala. Akanona, na majirani wakamsifu mama kwa malezi.

Lakini sasa hafiki chuoni, kusoma Kurani, ila akae chini mara mbili, mkono kifuani, akihema.

Bi Mize alikwisha kumpeleka zahanati moja. Mganga wa huko, mbele ya foleni nzima, akapaza sauti: "Mtoto mnene huyu! Mpandishe kwenye mizani!" Hata mashaallah hakusema. Bi Mize akamfunika mwanawe kanga gubigubi. "Mwanangu si gunia la karafuu!" Akatoka, asirudi kwa miezi mitano, mpaka siku Jaribu alipoanguka njiani.

Safari hii alimpeleka kwa Daktari Bakar, mzaliwa wa kijiji cha Shumba. Yeye kwanza alifunga mlango.

"Mashaallah, tabarakallah," akasema, akimkalisha Jaribu. "Shikamoo, Bi Mize. Umeshika nini?"

"Marahaba. Ukili, mwanangu. Nasuka mkeka."

"Niazime."

Akauzungusha ukili, utepe ule uliosukwa, tumboni mwa Jaribu, akatia alama ya wino pale ulipokutana, akamrudishia mama. Nambari hakutaja.

"Wewe unaogopa nini, Bi?"

"Pumzi zake."

"Na ukimpakulia chakula, unaogopa nini?"

Hapo Bi Mize akaeleza habari za Time, na ile bangili. Daktari akaweka kalamu chini.

"Basi mtoto huyu anakula sahani mbili, yake na ya dada yake. Umefanya kwa mapenzi, sikulaumu. Ila kifua chake kimoja kinabeba watu wawili."

"Sitamlaza njaa!"

"Wala mimi sitaki alale njaa. Samaki mpe, muhogo mpe, mchicha mpe. Halua ingoje Iddi. Na chuoni mwende pamoja kwa miguu, polepole."

"Iddi ipi?" Jaribu akadakia. "Ndogo au kubwa?"

"Zote mbili, yakhe!" Daktari akacheka, na Bi Mize naye akajikuta anacheka.

Mwezi wa sita tangu siku ile, ukili ulipozungushwa tena, ncha ilipita alama kwa vidole vinne. Jirani yake Mwanawema akamchokoza: "Kha! Mize, mtoto humlishi siku hizi?"

"Namlisha. Sahani yake."

Ukili ule hakuushona mkekani. Aliuweka sandukuni, pamoja na bangili ya Time, na kila baada ya sala akawaombea dua waliomzaa Bakar.

Asubuhi moja, njia ya chuoni, aliyekaa chini kupumzika alikuwa Bi Mize mwenyewe. Jaribu alikwisha fika, anamwita kutoka mlangoni.

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa kidogo zaidi, amsikie akiita tena.