Maneno Aliyoyachuja Lukasi

Mwaisha alizungumza kwa kirefu, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mbao, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Aliponyamaza, Lukasi alimgeukia daktari Mzungu, Bwana Mganga, akamfupishia yote kwa maneno matatu ya Kijerumani: mguu, kuanguka, usaha.

Ndivyo alivyozoea. Huu ulikuwa mwaka wa tano tangu reli ifike Morogoro, na miaka yote hiyo Lukasi alikuwa mkalimani katika nyumba ya wagonjwa iliyo karibu na stesheni. Alijiona kama kifumbu: mgonjwa huleta tui na machicha pamoja, yeye hukamua, mzungu hupewa tui. Watu wa milimani husimulia ugonjwa kama wanaosimulia safari. Huanzia kwa bibi aliyewalea, wakapitia shambani, ndipo wafike panapouma. Bwana Mganga hakuwa na subira ya safari hizo. Hakuwa mkatili. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mkubwa wakati mwingine huumiza kuliko ukali wake.

Siku hiyo haraka ilizidi. Treni ilikuwa imeleta kutoka Dar es Salaam mashine ya kupiga picha za mifupa, na kesho yake ilitakiwa iendelee Kilosa. Barazani walikaa watu wasiopungua arobaini, wengine wametembea siku mbili kutoka Uluguru. Miongoni mwao alikuwamo Stambuli, mume wa Mwaisha, aliyembeba mkewe mgongoni toka Matombo.

Mguu wa Mwaisha ulikuwa na tundu lisilofunga, na Bwana Mganga alitaka kujua linaelekea wapi kabla hajatia kisu. Picha peke yake isingemwonyesha, maana usaha hautoi kivuli. Basi akakoroga uji mzito wa kulijaza lile tundu: unga mweupe, mafuta, na unga wa manjano wenye harufu kali iliyopenya hadi kooni. Penye uji huo, alisema, picha itaonyesha njia.

"Mwulize kama ameelewa."

Mwaisha hakungoja kuulizwa. Alikuwa amekwisha kunusa.

"Mwanangu," alimwambia Lukasi kwa Kiluguru, "hiyo harufu naijua. Masista walinipaka dawa hiyo mwaka ule wa njaa. Jua halijatua, uso ulivimba kama boga, koo likaziba. Walinisomea sala za kufa, mimi Mwislamu. Mwambie."

Lukasi alimtazama, kisha akautazama mlango uliojaa vichwa vya wanaongoja. Asubuhi ile mmoja alikuwa ameikataa sindano kwa sababu ya ndoto, mwingine kwa sababu ya bundi. Na masista wakitajwa, Bwana Mganga angeanza ugomvi wake na misheni, na ugomvi ule ulikuwa mrefu.

"Anasema ameelewa," Lukasi alijibu.

Uji ukaingizwa kwa bomba. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi meusi. Sasa na mlango ukafungwa, na mchana ukageuka giza la pangoni. Askari wawili wakaanza kuzungusha gurudumu la mashine. Ikavuma, ikatoa cheche na harufu ya radi.

"Mwambie asitikisike."

"Mama, usitikisike."

Lukasi akasikia kucha zikikwaruza ngozi, pole pole kwanza, kisha kwa pupa. Kikafuata kikohozi kikavu. Akajiambia ni vumbi. Kikohozi kikaja tena, na nyuma yake mluzi mwembamba, kama upepo unaotafuta ufa wa kupitia. Akajiambia ni woga. Akanyoosha mkono gizani, akaukuta mkono wa Mwaisha. Ngozi ilikuwa imeota mabaka yaliyoinuka, ya moto, makubwa kama punje za mahindi.

"Mwa... nangu," ilisema sauti ambayo haikuwa ya Mwaisha tena, ulimi ulikuwa umejaa kinywani.

Lukasi aliruka akalivuta blanketi la dirishani. Mwanga ukamwagika, na picha ikaharibika.

"Mpumbavu!" alifoka Bwana Mganga. Halafu akaona uso wa mgonjwa.

Macho yalikuwa mistari miwili. Midomo imetuna, ya rangi ya zambarau, na shingo inavutika ndani kila pumzi inapotafutwa. Bwana Mganga alipiga magoti, akashika mshipa wa mkono.

"Amekula nini? Amepewa dawa gani ya kwao? Mume wake yuko wapi, mwulize mume wake!"

Hapo njia ilifunguka mbele ya Lukasi, pana na rahisi. Dawa ya kwao. Nani angejua? Kiluguru chumbani mle walikijua wawili tu, na mmoja wao alikuwa anakata roho. Upande wa pili lilikuwapo boma, na bomani kulikuwa na kiboko, na watu aliowaona wakitoka huko walitembea kwa kuinama wiki nzima.

"Alisema," akatamka. "Ule unga wa manjano. Uliwahi kumziba koo. Aliniambia nikuambie, sikukuambia."

Bwana Mganga alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alichukua chupa ya maji vuguvugu iliyoandaliwa kusafishia kidonda, akaanza kuutoa uji tunduni, kisha akavunja kichupa kidogo na kumchoma Mwaisha sindano pajani. Mwisho akachukua kisu chembamba, akakiweka juu ya koo la mama yule bila kukigusisha, akangoja.

Stambuli alikuwa ameingia. Hakuna aliyemzuia. Alisimama ukutani, mikono yake mikubwa haina la kufanya.

Lukasi alihesabu pumzi. Moja, ikaja. Ya pili, ikachelewa. Ya tatu haikuja, akaisubiri kwa mwili wake wote, mpaka ikapita kwa mluzi mrefu. Sindano ya pili. Jasho la Bwana Mganga lilidondoka shukani. Muda gani ulipita, Lukasi hakujua. Alijua tu kwamba mluzi ulianza kuwa mnene, kisha ukawa pumzi, na kisu kikarudi mezani.

"Habari yako nitaipeleka bomani," Bwana Mganga alisema akinawa mikono. Alinawa mara mbili. Kisha akatoka nje.

Siku ya tatu Mwaisha aliweza kuketi. Mashine ilikuwa imekwenda zake, mguu bado unatoa usaha, na boma lilikuwa bado halijaita. Kila viatu viliposikika barazani, Lukasi alichungulia mlangoni. Alikwenda kitandani, akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Askari mmoja anayejua Kijerumani alimweleza Stambuli uliyoyasema, naye ameniambia. Na yale usiyoyasema nayajua mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

Mwaisha alimwomba karatasi.

"Andika. Kwa Kijerumani na kwa Kiswahili. Kwamba dawa ile ni kifo changu. Nitatembea nayo. Siku nyingine huenda ulimi usinifunguke, au nimkute mwingine kama wewe."

Lukasi aliandika.

"Soma."

Akasoma.

"Soma tena. Umeandika kuwa nilisema?"

Hakuwa ameandika. Akaongeza: *Mwenyewe alisema mapema, mkalimani hakufikisha.* Akamsomea. Stambuli, aliyekuwa akifunga mzigo, aliacha kufunga.

"Na mkalimani huyo hana jina?" Mwaisha aliuliza.

Nje, viatu vilipanda ngazi za baraza, vikasimama. Lukasi hakugeuka. Aliilaza karatasi juu ya goti lake, akaichonga penseli kwa kisu, taratibu, mpaka ncha ikawa nyembamba.