Si Umeme

Bi Umulkheir aliingia dukani kwa fundi Husni baada ya Alasiri, diski ameiviringisha kwenye leso kama mtoto mwenye homa. Kila dua aijuayo alikuwa ameisoma. Ndani ya diski ile mlikuwa na harusi ya Ruba, upande wa wanawake, na yeye ndiye aliyeipiga video, maana siku ya kupamba bibi harusi mwanamume hakanyagi. Humo pia alikuwamo Bi Hindu, nyanya yake Ruba, aliyefariki baada ya Idi. Maisha yake yote Bi Hindu hakukubali kupigwa picha ila siku ile. Sasa bintiye, Bi Mardhiya, mamake Ruba, alikuwa akiulizia kila wakionana: "Umu, mamangu utaniletea lini?" Naye hujibu, "Bado naikatakata, naiweka vizuri."

Husni aliichomeka diski, akatazama kioo cha kompyuta.

"Hii imefomatiwa, imefutwa yote. Nani kaifomati?"

"Umeme ulikatika," alisema Bi Umulkheir. Ilikuwa kweli, ila si kweli yote.

"Umeweka kitu kipya juu yake?"

"Sijaigusa tena."

"Basi mshukuru Mungu. Ni kama mtaa uliong'olewa vibao vya majina milangoni. Watu wamo majumbani, ila hujui nani yuko wapi. Tutafungua mlango mmoja mmoja tuwatazame."

"Usifungue!" Bi Umulkheir alikiziba kioo kwa buibui lake. "Wake za watu wamo humo, vichwa wazi, wanacheza."

"Na wangu yumo?"

"Wako ndiye aliyeanza."

Husni alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza kiti, akauelekea ukuta. "Haya Bi, kaa wewe hapo. Mimi nitakuelekeza huku nimekupa mgongo. Kumetokea nini?"

"Kisanduku."

"Kimeandikwa nini?"

"Miwani nimeisahau."

"Miwani umeivaa, Bi Umu. Nimeiona ulipoingia."

Uso ulimwaka. Darasa la jioni alikuwa amelianza uzeeni, na Kiswahili sasa alikisoma polepole. Kizungu alikuwa bado kwenye herufi.

"Sijui kusoma Kizungu," alisema. "Ndivyo ilivyofutika. Umeme uliporudi kompyuta iliniuliza jambo, nami nikabonyeza tu."

Hakumwambia yaliyobaki. Siku ile Ruba alikuwa ameketi ubavuni pake, hina bado nyekundu mikononi, amekuja kuchungulia harusi yake. Aliuliza, "Yasemaje, shangazi?" Msichana aliyemaliza chuo! Neno moja tu lingetosha, amsomee. Lakini Bi Umulkheir aliona haya kumwomba mtoto aliyembeba mgongoni. Alijibu, "Haisemi kitu," akabonyeza.

"Nitajie herufi basi, moja moja," alisema Husni kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kicheko.

Akazitaja kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Husni akamwambia abonyeze wapi. Kompyuta ikafanya kazi yake taratibu, naye akavuta tasbihi. Mafaili yalipoanza kutokea, alifungua moja baada ya moja. Mengi yalikuwa yameharibika, miraba ya kijani tupu. Ruba akiingia na kukalishwa kwenye kiti chake: miraba. Mashangazi wakimtuza: miraba.

Kisha akatokea Bi Hindu, amekaa, mabega yakifuata ngoma, leso ikipepea mkononi.

"Nimempata," Bi Umulkheir alinong'ona.

"Zima sauti basi," Husni aliuambia ukuta. "Hiyo si yangu."

Alipokuwa akitoka, fundi alimwambia, "Hayo yaliyopotea, sema ni umeme. Hapa Amu, kwa umeme huu wetu, nani atakubishia?"

Njia nzima hadi kwa Bi Mardhiya alilishika neno hilo. Lilikuwa jepesi, na nusu yake ilikuwa kweli.

Bi Mardhiya alimtazama mamake akicheza, akalia, akairudisha video mwanzo, akalia tena. Ruba aliketi kando, kikombe mkononi, akisubiri zamu ya harusi yake.

"Na pale nikiingia mimi?" aliuliza.

"Haikupatikana, mwanangu. Imebaki hii na vipande vichache."

"Umeme huu!" alisema Bi Mardhiya akijifuta macho. "Watuonea kweli."

Mlango wa uongo ulikuwa umefunguliwa, Bi Umulkheir alihitaji kupita tu. Alitazama mkeka.

"Si umeme, Mardhiya. Kompyuta iliuliza kama ifute. Sikujua kusoma, nikaikubalia. Kisha nikakudanganya kwamba naikatakata."

Ruba alikiweka kikombe chini.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuwa hapo hapo ubavuni pako, shangazi. Nilikuuliza yasemaje."

"Uliniuliza. Niliona haya."

Kwenye video Bi Hindu alianza kucheza tena, na hakuna aliyemwambia Bi Umulkheir akae wala aende.