Kipande cha Tano

Daktari huyu wagonjwa alikuwa hawaoni, ila hospitali nzima ilingoja neno lake. Kazi yake ilikuwa kusoma vinyama. Kinyama kikitolewa mwilini hukatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikatiwa rangi, kikalazwa juu ya kioo. Zamani alikiinamia kwa darubini hadi shingo ikalia. Siku hizi mashine hupiga picha, naye anaisoma kwenye skrini pana kama mlango wa kabati.

Maabara walimwita Mama Macho. Mzee wa vioo, fundi aliyeviandaa, aliyebakiza mwaka astaafu, mashine hakuipenda. "Mkweo huyo," alisema, "amehamia, hasalimii mtu!"

Asubuhi moja simu ikalia. Ni daktari wa upasuaji.

"Dada, yule mama mshonaji, mwenye uvimbe wa titi, yuko hapa na mkoba wake mkononi. Niambie hana kitu, aende zake."

"Ngoja kaka, nahesabu."

"Unahesabu nini, kuku?"

"Hao hao."

Maana bibi yake ndiye aliyemfundisha: banda halifungwi kwa sababu kuku wametulia, hufungwa wakitimia. Kwenye skrini vinyama vilikuwa vinne, vyote safi. Karatasi iliyokuja navyo ilisema vitano.

"Babu," alimwita mzee wa vioo, "niletee kioo chenyewe."

"Leo umenikumbuka mimi wa zamani!" Mzee akakileta mbio, akijifanya hana haraka.

Akakiinua dirishani. Cha tano hicho hapo, ukingoni, mafuta matupu, rangi imefifia. Mashine imedhani ni kioo kitupu, ikakiruka.

Akaivuta darubini, akaipangusa vumbi, akainama. Katikati ya mafuta palikuwa na kijikundi cha chembe zimesukumana, kubwa kwa ndogo, hazina mpango. Miaka kumi na tisa alikuwa amezitazama sura zile, akazijua kama mtu anavyomjua mwizi wa mtaa wao. Akaiamuru mashine ipige kioo chote, ukingo kwa ukingo, akampelekea picha mwenzake wa mji wa mbali. Chai haijapoa, jibu likarudi: "Ni saratani. Bado changa. Umeiwahi."

Safari hii hakupiga simu. Alishuka ngazi mwenyewe.

Mshonaji alimsikiliza habari ya kuhesabu na ya kipande cha tano, mkoba ukiwa magotini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ningekwenda nyumbani nayo?"

"Ungekwenda nayo, mama. Sasa huendi nayo."

"Ni kubwa?"

"Haifiki punje ya mtama."

Mshonaji akavuta pumzi, akauweka mkoba sakafuni. "Basi ikatwe. Mimi doa nikiliona kitambaani hulitoa kabla sijashona. Nguo ikishakuwa nguo, utaharibu yote." Akamtazama daktari wa upasuaji. "Wewe baba, mkasi wako unakata vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Haya. Ila kabla hujanishona, mwite huyu ahesabu."