Asizame Mtu Peke Yake

Wageni kumi na wawili walivua viatu, wakavitupa kapuni, wakapewa juisi na vitambaa baridi vya kujipangusia. Likizo yao ilikuwa imeanza: wiki nzima ya kula botini, kulala botini na kuzamia mpaka wachoke wenyewe.

Mwongozaji wao aliwaonyesha ubao wenye vibao kumi na viwili vya majina.

"Ukishuka majini, geuza kibao chako. Ukirudi, kirudishe. Na asizame mtu peke yake! Kila mmoja na mwenzake, hata kama ni mkwe usiyempenda."

Wakacheka. Naye alicheka, huku akiusugua mkono wa kushoto, uliokuwa ukifa ganzi tangu safari iliyopita. Mwongozaji mwenzake, waliyezamia pamoja miaka sita, alikuwa ameachishwa kazi. Eti wawili ni anasa. Alimkumbuka kuliko alivyotaka kukiri.

Baada ya mzamo wa kwanza mgeni mmoja alilalamikia sikio. Akafunikwa shuka, akaambiwa apumzike siku nzima.

Nahodha akamwita mwongozaji kando.

"Kamba ya nanga imenasa mwambani. Kainasue tuondoke."

"Nahodha, mkono huu leo si wangu. Nipe basi hata mpishi, akae juu aniangalie."

"Mpishi ana wageni wenye njaa. Wewe si samaki wetu? Kama umechoka sema, nikushushe bandarini. Wanaoitaka kazi hii wamejaa tele."

Alijua wamejaa. Aliwahi kusimama nao bandarini miaka miwili, akingoja kazi.

"Basi niwekee kibao, ijulikane niko chini."

"Ubao ni wa wageni, kaka."

Alishuka. Kule chini aliogopa, na hapakuwa na wa kumwonyesha kwamba anaogopa. Aliinasua kamba kwa mkono mmoja, ikavutwa juu upesi. Yeye hakuweza kupanda upesi. Karibu na juu alisimama dakika tatu, kama mwili wa mzamiaji unavyotaka. Zamani mwenzake ndiye aliyemhesabia kwa vidole. Alikuwa kwenye dakika ya pili aliposikia injini.

Alipoibuka, boti ilikuwa imeshampa mgongo. Kipaza sauti kilisema, "Vibao vyote vimerudi. Tumetimia!" Makofi yakapigwa.

Alipiga kelele. Akainua mkono mzima, akaupunga kwa nguvu zake zote.

Kule nyuma ya boti, mgeni wa sikio alimwona. Alitoa mkono ndani ya shuka, akampungia naye, akitabasamu.